Pasi ya Mkaa ya Mama

Juzi kule Igamba, mkono wa mama ulitetemeka, chai ikamwagikia kitenge chake. Nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu.

Mama alikuwa askari magereza, akishindana kulenga shabaha kwa bastola tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Mchana ule, kahawa mbichi ikinuka uchachu uani, nilimkuta amenyoosha mkono ulioshika pasi ya mkaa, katulia tuli. Shuleni kwetu aliyesimama hivyo alikuwa anaadhibiwa.

"Mama, umekosa nini?"

"Nauzoesha mkono utulie, mwanangu."

Sikumwamini. Nikaokota gunzi, nikasimama kando yake, mkono nimeunyoosha, asiadhibiwe peke yake.

Juzi nilipokuwa nampangusa chai, aliutazama mkono wake, akaniuliza polepole, "Nimekosa nini, mwanangu?"