Mlango wa Redio Mbili

Jumatatu, tarehe tisa Machi. Mvua nyembamba ilianza kabla ya mapambazuko, ile isiyo na ngurumo wala haraka, inayomlowesha mtu huku akidhani bado hajaloa. Mkaguzi alifika kazini mkoba wake ukiwa umekunywa maji mpaka ndani. Akatoa daftari lake, akaona kurasa zimeanza kushikana, akafanya kosa ambalo mtu wa kiwanda cha kufulia tu ndiye angelifanya: akalianika wazi juu ya bomba la mvuke, kama soksi. Kisha akaitwa uani kupokea mzigo wa mashuka ya hospitali, akaenda.

Aliporudi, wifi yake alikuwa amelishika.

Jina la Mkaguzi halikuwa cheo. Ndiyo kazi aliyoifanya. Alisimama kwenye uwazi kati ya chumba cha pasi na chumba cha kukunjia, mahali palipokuwa na fremu ya mlango bila mlango. Mashuka yalimjia kushoto yakiwa ya moto, akayanyoosha kwenye taa, akatafuta doa, tundu au alama ya kuungua, akayapitisha kulia. Kushoto wapiga pasi walikuwa na redio yao. Kulia wakunjaji walikuwa na yao. Vyumba hivyo viwili havikupatana hata juu ya kufungua dirisha, seuze stesheni. Saa tano na robo, kila siku ya kazi, kushoto kulikuwa na mchezo wa Afande Kimya, mpelelezi aliyeuliza swali moja kisha akangoja. Dakika hiyohiyo kulia alianza Mama Duka, mjane aliyekataa kuwaachia mashemeji zake duka la marehemu.

Mkaguzi peke yake ndiye aliyewasikia wote wawili kwa pamoja.

Siku moja, miaka kumi na moja nyuma, Afande aliuliza kushoto: "Ulikuwa wapi usiku ule?" Na kabla hajajibiwa na mshukiwa wake, Mama Duka akasema kulia: "Nilikuwa napanga sabuni. Nani mwingine angezipanga?" Mkaguzi alicheka peke yake, shuka mkononi. Jioni aliandika maneno hayo mawili kwenye daftari la kurasa sitini na nne, moja chini ya jingine. Ndipo ilipoanzia.

Hakuwa akitunga. Alikuwa akingoja. Wiki nyingine ilipita bila redio zile kujibizana hata mara moja, naye hakuandika kitu. Wiki nyingine redio hizo zilijibizana kama watu walioishi chini ya paa moja tangu ujana. Yeye aliongeza machache tu: kiti, mlango uliofunguliwa, chai iliyopoa. Kidogo kidogo Afande aliziacha kesi zake, akawa anaingia dukani kwa Mama Duka na kukaa nyuma ya kaunta. Hawakushikana mikono. Walipanga sabuni. Madaftari yakafika tisa, na hakuna mwingine aliyejua. Mkaguzi aliishi kwa kaka yake tangu ndoa yake ilipovunjika. Kitanda kilikuwa cha kaka, meza ya kaka, hata kikombe aliambiwa ni kile chenye ufa. Watu wale wawili ndio waliokuwa wake, na alitaka wabaki wake.

Sasa wifi, mke wa kaka, ambaye alikuwa mkunjaji, alipanda juu ya kreti saa ya chakula.

"Jamani, njooni! Kumbe kimya kingi kina mshindo! Miaka yote nalala nyumba moja na mwandishi, sina habari!"

"Lete, wifi," alisema Mkaguzi.

"Nitaleta nikimaliza. Unaogopa nini, kwani umeua?"

Akasoma. Wifi alikuwa na sauti, hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Alimfanya Afande mzito na Mama Duka mkali, na watu wakaacha kutafuna. Alipomaliza, aliyeanza ni Mvuke, mpiga pasi mwenye mikono kama nguzo na mdomo uliomzidi mikono.

"Afande Kimya anapanga sabuni? Afande wetu? Mtu anayevunja genge zima kwa swali moja, leo kafanywa msaidizi wa duka?"

"Shukuruni kapewa kazi," mkunjaji mmoja akamrudishia. "Na Mama Duka mwanamke wa heshima zake, tangu lini akamwekea askari kiti nyuma ya kaunta?"

"Kamwekea kwa sababu kamwita!"

"Kaitwa au kajipeleka? Wanaume wenu hao, wakinusa chai tu!"

Siku mbili vyumba vilirushiana maneno, na yote yalipitia mwilini mwa Mkaguzi, kwa kuwa ndiye aliyesimama katikati. Mashuka alitupiwa badala ya kupewa. Siku ya tatu Mvuke alimsogelea, akamtazama pembeni kama mtu anayeomba mkopo.

"Halafu ikawaje?"

Hapo ndipo angesema hapana. Hakusema. Mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alisalimiwa kwa kidevu tu, sasa aliitwa "dada" na kusogezewa benchi. Aliandika ukurasa wa kusomwa Ijumaa. Walipolalamika kuwa mambo hayachangamki, aliandika mwingine, mashemeji wakachoma duka. Wakapiga makofi. Akaandika Afande ametekwa nyara. Wapiga pasi wakapiga ngumi mezani. Alipolala alijisikia vizuri, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Kwa sababu saa tano na robo hakusikia tena kitu. Wakunjaji na wapiga pasi walikuwa wamegundua anavyookota maneno ya redio, wakaamua kumsaidia. Kila Mama Duka aliposema neno tamu, mtu aliruka akaongeza sauti. Kila Afande aliposhindwa, wapiga pasi waliipunguza redio yao, asisikie.

"Umeipata hiyo, Mkaguzi? Amesema 'karibu ndani'! Andika!"

"Usiandike, bado! Afande anajibu sasa hivi, ngoja nikuongezee!"

Palepale alipowasikia watu wawili wakizungumza bila kujua, sasa palikuwa na watu ishirini na saba waliojua sana. Jumatano moja alisoma alichoandika usiku uliopita. Afande alikuwa akisema, "Moyo wangu ni mali yako." Aliona aibu, kama amemshika marehemu taya na kumfungua kinywa. Akakata ukurasa ule, na siku ile hakuandika.

Wasikilizaji hawakungoja. Walipiga kura kwa kuinua foronya: anayetaka ndoa ainue. Foronya ishirini na tatu zilikwenda juu. Tarehe ikapangwa, Ijumaa ya tarehe tatu Aprili.

Nyumbani, wifi alimkuta akiosha vyombo.

"Ndoa umefika wapi?"

"Hakuna ndoa. Na sitaandika tena za kusomwa. Nirudishie madaftari yangu."

"Yapo mahali salama." Tangu ile Jumatatu wifi hakurudisha lile alilosoma, na mengine yote alikuwa ameyaondoa chini ya kitanda. "Wifi, sikiliza. Watu wawili wamekaa dukani wanapanga sabuni. Nani atasikiliza hayo?"

"Mimi."

"Wewe mmoja! Mimi nimekutoa gizani, nimekupa watu. Nani alikuwa anakujua pale kazini? Walikuwa wanakuona kama fremu ya mlango!"

"Sikuomba kujulikana."

"Una roho mbaya, ndivyo ulivyo. Kitu kizuri unakikalia kama kuku anayeatamia jiwe."

Kaka alisema kutoka sebuleni, bila kugeuza kichwa: "Mwandikie hiyo ndoa, yaishe. Ni karatasi tu. Msiniharibie amani nyumbani kwangu."

Mkaguzi alifuta sahani ya mwisho, akaning'iniza kitambaa. Hakuandika.

Ijumaa ile, saa nne, wakati wa chai, vyumba viwili vilikaa pamoja, jambo ambalo msimamizi mwenyewe hakuwahi kulifanikisha. Wifi akapanda kreti na karatasi mpya mkononi. Mkaguzi alidhani atasoma za zamani. Badala yake akasikia gari lililopambwa, mashemeji wakipiga magoti kuomba radhi, Afande akilia machozi mbele ya watu mia mbili, na Mama Duka akimwambia, "Chukua funguo za duka, mume wangu." Wanawake watu wazima walifuta macho kwa mashuka ya wateja. Kisha wote wakamgeukia yeye.

"Mkaguzi, leo umetuweza!" Mvuke alipaza sauti. "Huyu dada ana kalamu, bwana!"

Wifi hakusahihisha. Alitabasamu, akimkazia macho, macho yanayosema: kubali tu, sote tutafaidi.

"Sikuandika mimi," Mkaguzi alisema.

"Unasemaje?"

"Kaandika huyo. Mpigieni makofi yeye, kasoma vizuri. Lakini Mama Duka ninayemjua hampi mtu funguo. Miaka kumi na moja anazikatalia."

Wifi alishuka kwenye kreti taratibu. "Unaniaibisha mbele ya watu? Mimi niliyekupa kitanda?"

"Kitanda ni cha kaka. Maneno haya ndiyo niliyokuwa nayo."

"Basi tuambie mwisho wako wewe," Mvuke aliingilia, sauti imeshabadilika. "Wanaoana au hawaoani?"

"Hauna mwisho."

"Miaka kumi na moja, hauna mwisho! Wanafanya nini sasa?"

"Wanapanga sabuni."

Walicheka, kicheko cha kumsukuma mtu. Mmoja aliuliza kama sabuni hizo haziishi. Mwingine alisema hata sabuni ya mche huyeyuka ikafika mwisho wake. Mkaguzi alingoja wamalize, kisha akasema neno ambalo hawakumsamehe.

"Sikuwaandikia ninyi."

Mvuke aliinuka, akaenda kushoto, akachomoa waya wa redio ukutani. "Haya. Kama si yetu, na hii si yake. Tuone ataokota nini." Kulia nako mtu alichomoa. Mchana kutwa walifanya kazi kwa sauti ya mvuke tu, wakiwakosa Afande na Mama Duka wao wenyewe, mradi yeye asiwapate. Mashuka yalimfikia yamefinyangwa. Hakuna aliyemwita dada.

Jioni alikuta madaftari yametupwa mlangoni pa chumba chake. Aliyahesabu: manane.

"La nne liko wapi?"

"Limeazimwa," wifi alijibu kutoka jikoni. "Kalitafute kwa hao usiowaandikia."

La nne lilikuwa limepita mikononi mwa wakunjaji, kutoka nyumba moja hadi nyingine, na hakuna aliyekiri kuwa nalo. Ndani yake kulikuwa na siku Mama Duka alipougua, na Afande akafungua duka peke yake asubuhi nne mfululizo. Mkaguzi alijaribu kuyakumbuka maneno, akayapata karibu yote. Hakulala mapema.

Jumamosi, tarehe nne Aprili, alifika kabla ya kengele na kwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha vioo cha msimamizi.

"Naomba kuhamishiwa upande wa mashine za kufulia."

Msimamizi, aliyekuwa akinywa chai, alishusha kikombe. "Kule kwa wanaume? Kule kuna ngurumo tupu. Hata ukiitwa jina lako husikii."

"Najua."

"Na mlangoni nitamweka nani? Una jicho zuri."

"Mweke wifi yangu. Anapenda kuonekana."

Msimamizi alimtazama kama anayetafuta doa, hakuliona, akaandika jina lake kwenye karatasi ya zamu. Mkaguzi alipewa aproni ya mpira iliyomzidi urefu, akaikunja kiunoni mara mbili. Alifungua mashine namba tatu, akapakia mashuka arobaini ya hospitali, akafunga mlango wake wa duara, akabonyeza. Sakafu ikaanza kutetemeka miguuni mwake. Aligeuza ndoo tupu, akaikalia, akatoa daftari la tisa, akaandika alichojua Afande angeuliza. Kisha akangoja Mama Duka ajibu.