Kufuli Jeusi la Sanduku la Kwaya

Ninyi mliokua Dodoma wakati maduka yameanza kujaa tena mtanielewa. Tulizoea rafu tupu, halafu ghafla sabuni zikawa za rangi rangi, mitumba ikamwagwa chini pale sokoni Majengo, na makufuli yakaja ya kila namna, maana watu walishaanza kuwa na vitu vya kufungia. Wenzangu walikusanya vifuniko vya soda. Mimi nilikusanya makufuli.

Ugonjwa huo niliurithi kwa baba. Alikuwa karani serikalini, mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, lakini kila akitoka sokoni mfukoni mwake hakukosa kufuli kuukuu lililopotelewa na ufunguo. Tulikaa barazani, upepo ukitupulizia vumbi kwenye bakuli la karanga, akanikabidhi.

"Haya mama, hili ukilifungua bila kulivunja, nakuletea gumu zaidi."

Sharti lake lilikuwa moja. La kwangu nifungue nitakavyo. La mtu nisiliguse mpaka mwenyewe aniombe.

Nilianza na vile vikufuli vya masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Pini ya nywele iliyokunjwa ncha ilitosha, nami nikajiona fundi. Likaja la baiskeli, likanitoa jasho. Kisha likaja la shaba, na hapo pini ikawa haina kazi. Baba akanichongea vyuma viwili kutoka kwenye mwavuli mbovu: kimoja cha kulikaza kidogo kama unayegeuza ufunguo, kingine cha kusukuma vijipini vya ndani, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikae mahali pake. Nilikuwa nakaza kwa nguvu zangu zote, vijipini vinagoma.

"Unalikaba," baba aliniambia. "Legeza mkono."

Nje watoto walikuwa wanacheza rede na kombolela. Nyemo, rafiki yangu wa nyumba ya pili, alinisubiri mpaka akachoka. "Wewe utaolewa na kufuli," akasema, akaenda zake.

Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuupenda mchezo wetu hata kidogo. "Mtoto wa kike anafundishwa kuvunja."

"Havunji, anafungua," baba akajibu.

"Basi waeleze majirani hiyo tofauti."

Baada ya la shaba baba alileta kufuli jeusi, zito kama jiwe la kusagia. Hilo lilinishinda kiangazi kizima. Nililifungua mara moja tu, kwa bahati, na sikujua nimefanyaje.

Basi ikafika Jumapili ambayo kwaya ya mama ilialikwa kuimba kijijini Mvumi. Lori lilikuwa linanguruma nje ya kanisa, na majoho yote yamo ndani ya sanduku la mbao za mninga. Mtunza sanduku alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Kibaigwa kununua mahindi, na ufunguo mfukoni. Simu hazikuwapo za kumfuatia. Mtu mmoja akaleta shoka, lakini wanakwaya hawakutaka kusikia. Sanduku lile walilichangia kwa muda mrefu. Niliposogea kuangalia, nikaona kufuli lenyewe ni jeusi, ndugu wa lile la nyumbani.

Nyemo hakuwahi kufunga mdomo maishani mwake. "Huyu analiweza," akasema, akinisukuma mbele.

Watu wakamgeukia mama. Baba alikuwa Mpwapwa kikazi, kwa hiyo hakuwapo wa kumsaidia kueleza. Nilimwona anavyotafuta mahali pa kuweka macho. Alijua, nami nilijua, kwamba nikilifungua mbele ya umati ule, kuku yeyote atakayepotea mtaani ataulizwa kwetu kwanza.

Mwalimu wa kwaya akamwambia taratibu, "Mwalimu, tunaomba mtoto atusaidie."

Mama akaniangalia. "Wameomba. Fungua."

Kumbe siku zote alikuwa anatusikiliza kule barazani.

Nikapiga magoti na vyuma vyangu. Kila nilivyosikia watu wananong'ona nyuma yangu ndivyo nilivyozidi kukaza. Kufuli likagoma. Hapo mama yake Nyemo, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, akasema, "Likikataa tutaimba na vitenge vyetu. Mungu ametuzoea."

Wote wakacheka. Nami nikacheka, na katika kucheka mkono ukalegea. Nikahisi vijipini vinakaa, kimoja, kingine, kingine, halafu kufuli likaachia mkononi mwangu kama linalopumua.

Mama alivaa joho lake, akanishika mkono, akanipandisha lorini. Huko Mvumi sikumbuki waliimba nini. Nakumbuka alivyoimba akinitazama mimi tu.

Na wala hakuna aliyekuja kuulizia kuku. Walikuja kuniita nikawafungulie. Watoto walitumwa kwetu: "Shikamoo mwalimu, mama anaomba dada aje na vyuma vyake." Nilirudi na zabibu za asante ndani ya kanga, nazo mama akazigawa huku akiwaeleza wageni, kwa sauti ya darasani, kwamba mwanawe havunji, anafungua.

Wanangu leo wanafungua simu kwa kuionyesha uso. Wakisahau namba ya siri, dakika haijaisha wameshanuna. Nilimpa binti yangu kufuli la kujifunzia, akaniuliza video ya kumwelekeza iko wapi. Siwalaumu, wamekuta mambo mepesi.

Lakini juzi nilijifungia nje, funguo zimebaki mezani. Nikasimama kwenye geti langu refu, katika mtaa wa mageti marefu, nikilichezea tundu la kufuli peke yangu kwa vyuma vile vya mwavuli, ambavyo bado natembea navyo mkobani. Likafunguka upesi tu. Nikageuka kuangalia nyuma, na hapakuwa na mtu wa kucheka naye.