Santuri Isiyo na Nyota

Harufu ya ukungu kwenye majalada ya santuri za zamani imenikuta katika duka la mitumba mjini, na mara nikarudi kimawazo sebuleni kwetu Yamumbi.

Baba alikusanya santuri za okestra. Hakununua yoyote mpaka gazeti la wahakiki wa muziki liipe nyota au tuzo. Siku moja alimwalika mwalimu wa kwaya, akaweka santuri moja na kumsomea sifa zake.

"Sikia hizo fidla, Mwalimu! Hii ilishinda tuzo." Alikuwa amefumba macho, mguu ukifuata mdundo.

Mama akaingia na chai. "Baba watoto, hiyo si ni ile uliyopewa na padri, ukasema wahakiki waliiponda? Nilipopanguza vumbi nilichanganya majalada, hii nikaitia kwenye jalada la ile ya tuzo."

Mwalimu akacheka. "Na vile ni tamu!"

Baba hakucheka. Aliinua sindano ya gramafoni, muziki ukakatika. Nilitazama zulia ili nisiuone uso wake.

Sasa muuzaji amenichezea santuri na nimeipenda. Mimi, ninayeuliza kila mtu "nani alisema?" akinitajia sifa za wahakiki, tayari nimetoa simu, natafuta imepewa nyota ngapi.