Nahodha Aliyekalia Mikono Yake

Msimu wa nguru ulipopamba moto, miaka ile ya sitini, niliondoka bandari ya Mutrah asubuhi katika mashua ya mashine. Nilikuwa mkalimani baina ya Mwingereza wa kampuni ya mafuta na nahodha, Mwarabu mwenzetu aliyerudi kutoka Unguja. Mgeni alitaka nguru wake wa kwanza, kwa sharti moja: mtu mwingine akiugusa mshipi, samaki hahesabiwi kuwa wake.

"Hata akishindwa?" nahodha akaniuliza.

"Hata akishindwa."

"Basi huu si uvuvi, huu mtihani."

Kwetu mshipi ukivutwa, kila aliyemo chomboni huushika. Hatuulizi samaki wa nani.

Mara ufito wa kuvulia wa mgeni ukapinda na mshipi ukatoka kwa mlio. Nahodha akazima mashine. Mgeni akayumba huku na huku, na mkono wa nahodha ukanyanyuka wenyewe. Nikamtazama. Akaurudisha, kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

"Mwambie auachie mshipi uende, utamkatikia! Mwambie basi, sheikh! Sasa avute!"

Nikatafsiri mpaka sauti ikanikauka. Hatimaye mgeni akamtia nguru kulabu mwenyewe, akamwangusha miguuni petu, akakaa chini. Nahodha akawa anakunjua vidole vilivyokufa ganzi.

Pwani watu wakauliza nani kamvua.

"Yeye," nahodha akajibu. "Lakini alochoka mimi."

Tangu siku hiyo, nikimwona mtoto anahangaika kufunga kifungo cha kanzu yake, huitazama kwanza mikono ya mzazi.