Mumunye Katika Ugali wa Posa

Siku zile kususa kulikuwa kumeingia katika nyumba ya mama yangu na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Nakitaja kilema hiki mapema, tena kwa jina lake, kwa sababu wengi wetu hukivika majina ya heshima: huyu hukiita msimamo, yule hukiita kujitunza. Jina lake ni kususa. Mlevi hujulikana kwa harufu na mwizi kwa macho yasiyotulia, lakini aliyesusa huketi mbele yetu ameoga, ameshika tasbihi, na haki yote anayo yeye. Huku nyumba nzima inakonda kwa ajili yake.

Mambo yalianzia jikoni. Zaina, mke wa mdogo wangu Bakari, anaishi na mama katika nyumba yetu ya milimani, Usambara. Kabla ya kuolewa alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni iliyopokea wazungu na watu wengine kutoka mbali, na huko alijifunza ugali wa namna yake: mamumunye machanga, yale ya kijani ambayo bado hayajakomaza mbegu, huparuzwa, hukaangwa kidogo kwa kitunguu, kisha hutiwa ndani ya ugali mlaini pamoja na maziwa. Ugali huo humwagwa kwenye sinia, huachwa ukagande, hukatwa vipande kama vya mkate na kuchomwa juu ya makaa hadi upige wekundu. Ni chakula kizuri. Nimekila, na sina sababu ya kukisingizia.

Siku walipokuja watu kumposa mdogo wetu wa mwisho, Zaina alitaka kuwaheshimu kwa kile alichokijua kuliko wengine. Alipika pilau, na kando yake akapanga vile vipande. Wageni walivila wakaramba hata vidole. Mshenga, mtu mnene mwenye kupenda mzaha, akasema kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Haya, mama! Sisi tumekuja kuposa binti, kumbe huku kwenu mumunye keshaolewa na unga!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alinyanyuka, akaingia chumbani kwake, na wageni walipoondoka alimwita Zaina akamwambia maneno machache tu: "Umewatangazia watu kwamba nyumba hii haina unga."

Zaina, aliyezaliwa katika miaka ya shibe, hakuelewa. Mimi nilielewa nusu. Kwetu, enzi za ukame, mwanamke aliyeishiwa unga alitia mumunye ndani ya ugali ili sufuria ijae, na majirani waliouona ugali wa kijani walijua bila kuuliza. Mama alitoka katika nyumba ya ghala kubwa. Kwake kile hakikuwa kitoweo, ilikuwa fedheha iliyowekwa kwenye sinia, mbele ya wakwe.

Tangu hapo hakugusa chakula chochote kilichopikwa na Zaina. Alikunywa chai ya rangi na kumeza vidonge vyake vya kisukari tumbo likiwa tupu. Na katika ukoo wetu iko desturi, ambayo sijaiona kwingine, kwamba aliyesusa habembelezwi. Sehemu yake huwekwa kwenye sahani, hufunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu, na kawa hilo huwekwa mlangoni pake hadi mwenyewe atoke na kulifunua. Kumwita ni kumdhalilisha. Kumpelekea ni kujidhalilisha. Basi kila mlo Zaina alifunika, akaweka, akaondoka. Na kila mlo uliofuata alikuta kawa liko vilevile, ubaridi umetanda chini yake. Mama alikuwa akingoja kuombwa radhi. Zaina alikuwa akingoja kufunuliwa kwa kawa. Siku ambayo mama alianguka akienda msalani, Bakari alinipigia simu, nami nikapanda mlima.

Nilifanya yale ambayo mtu aliyesoma hufanya. Nilizungumza. Nilimweleza mama juu ya subira, nikamweleza Zaina juu ya utii. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akajigeuzia ukutani. Zaina, akiosha vyombo, alisema pasipo kunitazama: "Wifi, mama keshakuwa mumunye. Kaharibika ukubwani."

"Chunga ulimi wako," nikamwambia.

"Nauchunga, wifi. Ndiyo maana kesho naenda nao kwetu."

Alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Nikajua kwamba akishuka mlima, hatarudi. Na mama, ambaye asingemeza tonge la mkono wa mwingine kwa kuona aibu kwamba mkamwana kamkimbia, angezimika polepole katika chumba kile. Nilikwenda kulala nikiwa na jambo hilo kifuani, na ndilo lililonipitisha mlango wa usingizi.

Nikajikuta kwenye jiko la zamani, lile lililobomolewa nilipokuwa msichana. Kuta zake za udongo zilikuwa zimesimama tena. Moshi ulipanda hadi kwenye nyasi za paa lakini haukunitoa machozi. Bibi, mama yake baba, ambaye tulimzika sote tukiona, alikuwa ameketi kwenye kigoda akiparuza mumunye kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari. Hakushangaa kuniona.

"Umechelewa, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani wa bibi na mjukuu. "Kaa chini. Ukimsimamia mpishi, ugali hufanya madonge."

Nikakaa. Maji yalikuwa yakichemka. Aliyatia mumunye lililoparuzwa, na maji yakageuka kijani cha majani mapya. Kisha akavuta kikapu cha unga, akakiinamisha, akakigonga tako kwa kiganja. Nilisikia sauti ya kikapu kilichokaribia kuwa kitupu, sauti kavu kama ya mtu kukohoa chumba cha pili. Alisonga bila haraka. Mwiko ulizunguka, na kila ulipozunguka ugali uliongezeka, ingawa unga ulikuwa ule ule.

Mlangoni amekaa mwanamke kijana, ametugeuzia mgongo. Naiona shingo yake na khanga iliyofungwa juu ya tumbo kubwa. Sikumwona uso, lakini nilimjua. Ndotoni mtu hujua bila kuambiwa. Ni mama. Ni mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na aliye ndani ya tumbo lile ni mimi.

"Kwetu hawali hivi," anasema mama, akiwatazama kuku uani.

Bibi anageuza mwiko. Anapakua. Nami, kwa kuwa najua desturi za nyumba yetu, nainuka kulichukua kawa lililotundikwa ukutani ili nimpe afunike. Nalishika, nalo ni zito mikononi, zito kama udongo uliolowa, siwezi kuliinua hadi kifuani. Bibi ananitazama.

"Hilo ni la kuzuia nzi," anasema. "Si la kumfunikia mtu."

Akaichukua sahani yeye mwenyewe. Akatembea nayo, yeye mama mkwe, hadi mlangoni alipoketi mke wa mwanawe. Akaketi sakafuni karibu naye hata magoti yao yakagusana. Alimega tonge, akala. Akamega jingine, akalishika tu. Hakusema kitu. Mvua ilikuja ikanyesha juu ya kuku, ikakatika. Kivuli cha nyumba kikavuka ua na kurudi. Na Bibi alikuwa bado amekaa, tonge lingali mkononi, ugali ungali unatoa mvuke. Sijapata kuona subira ya namna ile katika kitabu chochote. Haikuwa subira ya anayengoja kushinda.

Kisha nauona mkono wa mama ukija, polepole, kando kando, kama mkono wa mtu anayeiba. Unamega.

Sikumbuki tuliingiaje sebuleni, lakini sasa tumo sebuleni, na wale wageni wa posa wamo, mshenga yumo, na Bibi yuko kati yao juu ya mkeka akitafuna vile vipande vya Zaina vilivyochomwa. Mshenga anasema mzaha wake ule ule wa mumunye kuolewa. Safari hii mama ndiye anayecheka kwanza, anacheka hata anashika ubavu, na Zaina mlangoni anaacha kuuma ukingo wa khanga yake. Nikataka kusema, naam, hivi ndivyo ilivyopasa kuwa. Lakini nilipofumbua kinywa hapakuwa na sebule wala wageni. Palikuwa na Bibi na mimi kwenye kijia cha shambani, na mimumunye imetambaa pande zote mbili, maua yake ya manjano yamefunguka.

Anatangulia. Najua kwamba asipojibu sasa hatajibu tena.

"Bibi, kwa nini ulitia mumunye ukijua ataona aibu?"

"Unga ulikuwa wa mtu mmoja," akasema bila kugeuka, "na pale mlangoni mlikuwa wawili."

Maneno hayo yakaniingia mahali ambapo hakuna hoja. Nikamfuata. "Na alikula kwa sababu ya njaa?"

Bibi akasimama. "Njaa haimshindi aliyesusa, mjukuu wangu. Mama yako hakula mumunye wala unga. Alikula kule kukaa kwangu." Akainama, akaliweka sawa ua moja lililokuwa limekanyagwa. "Kamwambie yule binti: sahani haina miguu."

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa ikitoka msikitini bondeni, na kinywani nilikuwa na ladha ya maziwa na moshi.

Zaina alikuwa uani, amejitanda, mzigo wake miguuni, akingoja kupambazuke. Nilimwambia: "Washa jiko."

"Niwashe nipike nini, wifi?"

"Kile kile."

Akaangua kicheko kisicho na furaha. "Mumunye? Unataka nizikwe kabla sijafika stendi?"

"Pika, kisha usifunike. Umpelekee mwenyewe, ukae chini karibu naye, ule kwenye sahani ile ile. Usimwombe radhi wala usimlaumu. Usiseme neno."

"Na akinitimua?"

"Utakuwa umetimuliwa ukiwa umekaa. Sasa hivi unajitimua ukiwa umesimama."

Alinitazama kama anayetafuta mtego. Sikumsimulia ndoto, nilihofu kwamba nikianza kusimulia nitaanza na kufasiri, na nikifasiri nitahubiri, na ugali utapoa. Nadhani alichokiona usoni pangu kilitosha, maana aliuacha mzigo pale ulipokuwa akaenda kuchuma mamumunye mawili ambayo bado yalikuwa na umande.

Hakukuwa na wakati wa kugandisha na kuchoma. Alisonga ugali wa kawaida, mlaini, wa kijani, ugali wa ukame hasa. Aliupakua kwenye sahani, akauacha wazi. Tulifika mlangoni, mimi nikabaki kizingitini.

Mama alikuwa amelala amegeukia ukuta. Ile kanzu yake ya nyumbani ilimpwaya mabegani. Zaina aliketi sakafuni kando ya kitanda, akaweka sahani mapajani, akamega, akala. Mvuke ulipanda kati yao. Mama akasikia harufu. Niliona mgongo wake ukikakamaa.

"Umeleta tena," akasema ukutani.

Zaina alimega tonge la pili, akalishika.

"Umekuja kunikejeli."

Machozi yalikuwa yakimtoka Zaina yakidondoka kwenye mkono ule ule ulioshika tonge, naye hakuyafuta, kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa umeishika sahani. Nje Bakari alipita, akaiona hali, akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Niliuma meno.

Kulipokucha kabisa, mama akajigeuza. Alimtazama Zaina, akaitazama sahani, akautazama ule ukijani kwa macho ambayo usiku, ndotoni, sikuyaona kwa kuwa alinipa kisogo. Mkono wake ukaja kando kando. Ukamega. Akatafuna taratibu, kama mtu anayesikiliza.

"Chumvi haitoshi," akasema. "Mumunye hunywa chumvi. Hawakukufundisha hilo, hao wazungu wako?"

"Hawakunifundisha, mama."

"Basi walikufundisha nusu." Akamega tena. "Sogea, mwanangu. Sakafu ina baridi. Panda huku."

Zaina akapanda kitandani, wakala, magoti yao yakigusana. Sikuweza kuvumilia kuangalia, nikageuza uso kama ninayetazama mawingu. Ndipo mama aliponiita.

"Nani kamfundisha huyu kukaa hivi?"

Nikafungua kinywa, lakini Zaina alinitangulia, akininyooshea kidole. Mama akatikisa kichwa.

"Huyo? Huyo angekuja na hotuba." Akalitazama tonge lililobaki mkononi mwake. "Kukaa huku nakujua. Nilikaliwa hivi mara moja, mlangoni, nikiwa na mimba."

Kwetu mwanamke hamtaji mama wa mumewe kwa jina, hata akiwa amekwisha kufa. Humwita mkwe, au mama fulani, au hunyamaza watu wakajua. Katika umri wangu wote sikupata kulisikia jina la Bibi katika kinywa cha mama. Alilimeza tonge, akafuta midomo kwa ukingo wa shuka, akalisema kwa sauti ya chini, kama anayemwitikia mtu aliyebisha hodi:

"Mwanaidi."