Sinema ya Kanisani Haikuniliza, Sasa Harusi Imesimamishwa

Nadai jambo moja na nitalitetea: mtu anaweza kutazama sinema ya dini hadi mwisho, macho makavu, na bado akawa na moyo.

Nina miaka ishirini na sita. Nimehitimu chuo kikuu, nafundisha Kitale, na kwetu ni Bumula. Jina langu lificheni. Mwezi uliopita mchumba wangu alinialika kanisani kwao Kiminini kutazama sinema. Madirisha yalizibwa kwa magunia ya mahindi, shuka nyeupe ikatundikwa mbele ya mimbari. Katika sinema hiyo, muda wote mtawa mzee alikuwa akifagia kanisa lisilo na waumini, akingoja sauti ya Mungu. Alifagia, akasimama, akafagia tena. Nimesoma vitabu vya mwendo wa polepole kuliko huo na nikavipenda. Hiyo sinema haikunigusa. Nilijikuta nikitazama kiraka cha shuka.

Ilipokwisha, mchungaji aliwaita walioguswa waende mbele. Kanisa zima liliinuka, nikabaki peke yangu kwenye benchi.

"Si usimame tu, bana," mchumba wangu akaninong'oneza. "Wanataka miguu tu."

Nikamjibu kwamba hata miguu husema uongo.

Mama yake alinikuta nje. "Mwalimu, hata baba yako hukumlilia. Tulikuwa huko."

Ni kweli. Kwetu, aendaye matangani huanza kulia tangu langoni. Siku ya kumzika baba niliingia kimya, nikachukua ufagio, nikafagia uwanja hadi watu wakajaa. Shangazi zangu wakasema, "Huyu ndiye shule ilimaliza."

"Sasa niambie," yule mama akaendelea, bila hasira, "binti yangu akitangulia, utamlilia?"

Mimi ambaye hubishana na kila mtu, nikaaga na kuondoka.

Wamesimamisha harusi mpaka nikiri mbele ya waumini kwamba niliguswa. Mama yangu mzazi ananisihi: "Si ulie kidogo tu, baba, wakupe bibi."

Siwezi kudanganya kanisani. Lakini tangu siku ile, wanafunzi wakishatoka darasani, nasikia ufagio ukikwaruza sakafu. Nikigeuka, hakuna mtu. Sijui kama ni ule wa mtawa au ni wangu.

Nishaurini, ila si kwa siri. Ninyi mliosimama siku ile, nanyi msomao ukurasa huu, nijibuni hapa hapa mbele ya wote: nisimame niongope nioe, au nibaki nimekaa? Na yule mama, nimjibu nini?