Mke Wangu na Swichi Kuu ya Ndege

Ndege yangu ndogo ya viti viwili niliiunda mwenyewe uani, Ukonga, kwa vipande nilivyouziwa na mzee mmoja aliyeianza akachoka. Nafundisha ufundi umeme, kwa hiyo nyaya sikuziogopa. Aliyeziogopa ni mke wangu. Nyumba yao ya Temeke iliungua alipokuwa mdogo. Moto ulianzia kwenye waya nyuma ya kabati, na hakuna aliyewahi kuifikia swichi kuu.

Siku niliyofunga swichi kuu ya ndege, ile inayotenga betri na vifaa vyote, alinijia na ungo wake wa mchele.

“Ukiizima hii, injini si itazimika?”

“Haizimiki. Ina magneto, inajitengenezea cheche zake yenyewe. Kitakachokufa ni redio na taa.”

“Basi kaa hapo, ufumbe macho.”

Ikawa desturi. Mie nimekaa kwenye kiti cha rubani, ndege haina hata mabawa, yeye anachambua mchele. Akijisikia tu anasema, “Moshi,” nami napeleka mkono bila kutazama. Nikigusa swichi ya taa ananicheka, tunaanza upya. Majirani walituona vichekesho. Kuna siku nilichoka nikamwambia, “Mama watoto, inatosha sasa.”

“Haijatosha,” akasema.

Hatimaye tuliihamishia ndege kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, wakaguzi wakaipitia, ikapata kibali. Niliruka nayo mara kadhaa kwa raha. Kisha asubuhi moja, nikiwa juu ya mikorosho, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi mwembamba ukatokea nyuma ya dashibodi. Kabla sijawaza lolote, mkono ulishafika. Redio ikanyamaza, injini ikaendelea kunguruma vilevile. Moshi ukapungua, ukaisha. Nikageuza, nikatua.

Nilimpigia simu nikiwa nimeegemea bawa.

“Moshi umetokea kweli.”

“Umezima?”

“Nimezima.”

“Alhamdulillahi. Njoo ule.”

Sikula sana.

Jumamosi tulikwenda wote kiwanjani. Nilipofungua dashibodi tukaona: waya unaotoka swichi kuu kwenda kwenye fyuzi ulikuwa unasuguana na ukingo wa bati kila injini ilipotikisika, mpaka ganda lake likachubuka. Tukabadilisha waya, tukavisha raba kwenye tundu unamopita. Kisha tukapitia nyaya zote, mmoja mmoja, mie nikimulika, yeye akipapasa kule ambako mkono wangu mnene haupiti. Akapata mwingine ulioanza kulika.

Nikaanza kumwambia ninavyomshukuru, kwamba kama si yeye nisingekuwepo pale.

“Tochi, baba watoto,” akasema taratibu. “Unamulika pembeni.”

Nikaishika vizuri, tukaendelea.